Udongo Uliopakwa Mafuta

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
9 Februari 1975

Dada yangu Cornelia,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, na kwa Mama shikamoo mbili. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanimaliza. Lile sweta alilonifumia Mama limelala sandukuni tangu nifike. Barua yako ya Krismasi imenifikia wiki iliyopita. Nimefurahi kusikia kwamba Adela wako ameanza kusimama, na nimesikitika kwamba mvua za kwanza ziliwakuta kwenye kijiji kipya nyumba zikiwa bado hazijaezekwa. Mama asijisumbue kurudi kule mahame kuchukua mlango. Mlango ni mbao tu.

Sasa neno lenyewe. Idara yetu ya kemia imenikubalia utafiti wangu mwenyewe kwa ajili ya shahada ya pili, na nimechagua ilungu la Babu Clemens. Usicheke. Vitabu ninavyosoma hapa vinasema mtu wa zamani akitaka kuyeyusha chuma lazima awe na mivukuto, na vijana wa kuivuta mpaka mabega yaume. Ilungu letu halina mvukuto hata mmoja. Ni tanuru la udongo refu kumpita mtu mrefu aliyebeba mwenzake mabegani, linavuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini, na chuma kinatoka. Nilipomweleza mkuu wa idara alinisikiliza vizuri, kisha akasema maneno ya nyumbani si ushahidi, nikathibitishe. Basi nitathibitisha. Fizikia, kemia na uhandisi vyote vimo ndani ya udongo ule, na tulipokuwa wadogo tulikuwa tunacheza kujificha nyuma yake.

Naomba unitumie vipande vya ukuta wa ndani, ile mirija ya udongo inayowekwa kwenye matundu, mavi ya chuma, na yale mawe mekundu yanayoyeyushwa. Kila kitu kiwe na mfuko wake, na uandike kimetoka wapi. Halafu muulize Babu alivyokuwa akifanya, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio. Amebaki yeye peke yake anayejua. Ninahitaji vyote kabla ya Mei.

Mdogo wako,
Zenon


Shule ya Msingi, Sumbawanga Vijijini
Jumatatu ya Pasaka, 31 Machi 1975

Mdogo wangu Zenon,

Milele, amina. Marahaba. Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua. Ule mlango aliufuata mwenyewe akaubeba kichwani maili sita, na ndio unaotukinga upepo hivi sasa, kwa hiyo usiuite mbao tu. Adela anatembea kabisa, na safari zake zote zinaishia jikoni kwenye moto. Mimi nina watoto sabini na wawili darasa la tatu na vitabu kumi na kimoja. Usiponisikia muda mrefu ujue nipo katikati yao.

Barua yako imetembea wiki tano. Nilimsomea Babu yote. Umemtaja mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya tanuru lake na mara ya pili kwa kazi unayotaka akufanyie. Hakuna mahali ulipouliza kama amekula. Mimi ndiye niliyekasirika. Yeye hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu mpaka nikaona aibu kwa niaba yako, akasema, “Kumbe mtoto hajasahau mahali alipozaliwa mama yake.”

Siku ya pili tulikwenda mahame. Ni mwendo wa saa mbili, sisi tulitumia nne, maana alipenda kukaa kila penye jiwe. Vipande alichagua mwenyewe, akivigonga na kuvisikiliza. Nilitaka kuvifunga palepale akanikatalia, akasema ataviandaa kwa safari. Alinipa baada ya siku tatu vikiwa vimefungwa tayari kwa majani ya mgomba na kamba. Nimeandika majina juu kama ulivyotaka na nimempa Anyosisye, yule dereva wa Mbeya anayepakia mahindi yetu. Ana mtu wake wa kuvifikisha Dar.

Kuhusu alivyokuwa akifanya, hasemi. Nimeuliza mara tatu. Anasema, “Mwambie aje. Kazi hii haiingii kwenye bahasha.”

Na lipo jingine. Halmashauri ya kijiji imeliangalia ilungu ikaona ni udongo ulioiva bure. Wanataka kulibomoa, wautwange, wamwage sakafu ya zahanati. Mwenyekiti si mtu mbaya, na zahanati tunaihitaji. Amekubali kusubiri mpaka mvua za Novemba, kwa sababu Babu amemwambia mjukuu wake wa Chuo Kikuu anakuja Julai kuliwasha naye. Hilo amelisema Babu, si mimi. Sasa wewe angalia utakavyofanya.

Dada yako,
Cornelia


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
2 Juni 1975

Dada Cornelia,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Babu amekula? Nauliza mapema leo ili nisigombezwe. Msalimie sana, na Mama pia, na mwambie nimeukubali mlango.

Vifurushi vimefika salama, na dada, siwezi kukueleza furaha niliyo nayo. Nilipokipasha moto kipande cha ukuta maabara kilitoa moshi. Udongo wa tanuru la zamani ukatoa moshi na kupungua uzito! Nimerudia mara sita na kila mara ni vilevile. Maana yake wazee walichanganya mafuta kwenye udongo tangu wakati wa kujenga, ili ukuta ustahimili moto usipasuke. Hakuna mtu aliyewahi kuandika jambo hili. Nitalieleza mbele ya idara nzima tarehe 20, na wageni wa uhandisi watakuwepo.

Sasa nahitaji mambo machache tu kutoka kwa Babu. Matundu ya chini ni mangapi na yana upana gani? Makaa kiasi gani kwa mawe kiasi gani? Moto unawaka kwa muda wa saa ngapi? Na hasa, joto linafika digrii ngapi, au kama hajui digrii, anatambuaje kwamba limetosha? Aeleze kwa kipimo, asiseme tu kwamba anajua.

Julai nitakuja, Mungu akipenda.

Zenon


Shule ya Msingi, Sumbawanga Vijijini
27 Julai 1975

Zenon,

Milele, amina. Marahaba. Babu amekula, asante. Mama anakohoa kwa baridi hii. Asubuhi maji ya kwenye ndoo yana ngozi juu. Wilibrodi, mume wangu, ambaye hujamwulizia hata mara moja tangu nimeolewa naye, anakusalimu.

Julai imekwisha. Basi la kutoka Mbeya Babu amelipokea mara tatu mjini, na mara zote tatu amevaa lile koti la ndoa ya Mama. Mara ya tatu kondakta alimfahamu na kumpa soda. Kule mahame yeye na Wilibrodi wamekata miti na kuchoma makaa, marundo mawili makubwa, yamefunikwa kwa nyasi. Mawe mekundu wameyachimba na kuyaponda. Wamefinyanga mirija mipya. Kila kitu kiko tayari isipokuwa wewe.

Matundu ni kumi, na kila moja linaingia mirija miwili ya unene wa mkono wangu. Hayo nimeyahesabu mwenyewe. Mengine anasema utayaona. Lakini lile la joto amelijibu, naye amefurahi kuulizwa, maana anasema ni swali la mtu anayetaka kujua. Zamani mzee wake alikuwa na maneno ya kwao. Yeye alipobatizwa, Padri akamwambia ayaache, akayaacha, akaweka sala badala yake. Unaweka kiganja ukutani, kimo cha kifua, unasali Baba Yetu, si haraka wala si polepole. Ukifika amina, moto bado mchanga. Ukiondoa mkono kwenye “mkate wetu,” unaendelea vizuri. Ukishindwa kupita “ufalme wako ufike,” hapo funga baadhi ya matundu na usiongeze makaa, chuma kinashuka.

Ulitaka kipimo, ndicho hicho. Njoo.

Cornelia


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
19 Agosti 1975

Dada Cornelia,

Shikamoo. Poleni na baridi, na Mama apone.

Naomba unijibu jambo moja bila kuzunguka. Nani aliupaka mafuta udongo wangu? Nimevikagua upya vipande vyote kwa kioo cha kukuzia. Mafuta yako nje, yameingia kwa kunywewa, na juu yake kuna unga mwekundu ambao mimi kwa ujinga wangu nilidhani ni kutu. Ni mafuta ya nyonyo. Ukivinusa vizuri unasikia kabisa. Niliomba vipande vya tanuru, dada, sikuomba vipodozi.

Hujui mmenifanyia nini, na sitaki kueleza. Wala sala si kipimo. Kila mtu ana kasi yake na kila mtu ana ngozi yake. Nikiandika hivyo kwenye ripoti watanifukuza kwa vicheko.

Tumeni vipande vingine. Visioshwe, visipakwe mafuta, visifungwe kwa majani. Vije kama vilivyo. Na Babu asiwashe chochote mpaka nifike. Bila vipimo vyangu itakuwa kazi bure.

Ruhusa bado haijatoka.

Zenon


Shule ya Msingi, Sumbawanga Vijijini
14 Septemba 1975

Zenon,

Amani iwe kwako, ingawa barua yako haikuwa nayo. Mama amepona. Adela ameota meno ya nyuma.

Unauliza nani alipaka mafuta. Ni Babu. Nilipomuuliza alinishangaa mimi, mwalimu mzima, kwamba sijui. Ilungu likimaliza kujengwa hupakwa mafuta na nkula, ule unga mwekundu, kama bibi harusi, maana ndilo litakalozaa chuma. Vile vipande ulivyoomba ni mwili wake. Alisema, “Binti haondoki nyumbani kwenda kwa watu wa mbali akiwa na ngozi ya majivu. Wangesema hana wazazi.” Mafuta yale aliyaomba kwa mjane mmoja kwa siku mbili za kupalilia shamba lake. Alipalilia kweli, na miaka yake unaijua.

Barua yako sikumsomea. Niliishika mbele yake nikasema maneno mengine. Nilimwambia wakubwa wako wameyasifu mafuta, wakauliza yametengenezwa na nani. Mungu anisamehe, na wewe ukija usinikanushe.

Lakini nataka nikueleze wazi kwamba nimechoka. Nimechoka kusimama katikati yenu nikigeuza maneno yenu yawe mazuri. Wewe unataka Babu aingie kwenye bahasha, yeye anataka wewe ushuke kwenye basi. Mmoja wenu ana miaka ishirini na saba na miguu mizima. Ruhusa gani hii isiyotoka tangu Julai?

Babu yupo kama unavyomjua. Moto utawashwa Ijumaa tarehe 10 Oktoba, hasubiri zaidi ya hapo. Nimemwomba asubiri Novemba, amekataa, wala hakunipa sababu ya kukuandikia.

Cornelia


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
1 Oktoba 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Hakuna ruhusa niliyoomba. Nilidanganya. Tarehe 20 Juni nilisimama mbele ya watu arobaini nikaeleza habari ya mafuta kwa dakika ishirini, na picha nilichora. Nilipomaliza mzee mmoja wa uhandisi, mtu mpole, aliuliza swali moja tu: kama tanuru hilo limewaka miaka mingi hivyo, mafuta yaliwezaje kubaki ukutani bila kuungua? Mtoto wa darasa lako la tatu angeliona. Mimi sikuliona kwa sababu nilitamani mno iwe kweli. Watu walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Mkuu wa idara ameniambia niweke ilungu kando, nichukue mambo ya sabuni pamoja na mwenzangu mmoja. Tangu hapo sina utafiti wa chuma. Maswali niliyokuwa naendelea kuuliza nilikuwa nauliza kwa ajili yangu, na nilikasirika ili nisiseme.

Ningekujaje nikakutane na koti la ndoa pale stendi? Ningemwambia nini?

Jana usiku nilichemsha maji ya chai, nikaweka kiganja kwenye birika nikasali, nimeshika saa. Nikarudia na wenzangu wanne. Tumepishana kidogo sana, dada. Kidogo kuliko nilivyodhani. Sala ni kipimo.

Mwambie asiwashe. Nitakuja Desemba kwa Krismasi, nikiwa na ruhusa au bila ruhusa, na nitamwambia mwenyewe kuhusu semina. Tafadhali asiwashe.

Zenon


Shule ya Msingi, Sumbawanga Vijijini
9 Novemba 1975

Mdogo wangu mpendwa Zenon,

Tumsifu Yesu Kristu. Mama yupo, amekaa karibu yangu ninapoandika. Adela hajambo. Wilibrodi mkono wake unaendelea kupona.

Barua yako ya tarehe 1 ilinifikia tarehe 28. Moto uliwashwa Ijumaa tarehe 10, kama nilivyokuandikia, saa sita mchana.

Mwanamke hasogelei ilungu likiwaka, hilo unalijua, na Babu hakulegeza hata kwa ajili ya Chuo Kikuu. Nilikaa juu ya kichuguu, mbali kama kutoka darasani kwangu hadi kisimani, nina daftari na ile saa ya mkono uliyoniachia. Wilibrodi alinipigia kelele kila kitu nami nikaandika. Yote yamo kwenye daftari hili ninalokutumia: kimo cha ukuta, upana wa mdomo, vikapu vya makaa thelathini na nane kwa vikapu vya mawe kumi na vitatu, saa ya kuziba kila tundu, upepo ulitoka wapi. Babu aliketi kwenye kigoda akaelekeza kwa fimbo. Kwa kuwa hakuweza kusimama, kiganja kilichopima ni cha Wilibrodi. Jumamosi jioni aliishia kwenye “mkate wetu.” Jumapili mchana hakumaliza “ufalme,” na ngozi ikabaki ukutani. Babu alicheka kwa furaha. Jumatatu asubuhi walibomoa chini wakatoa bonge la chuma kubwa kama kichwa cha mbuzi. Alilishika likiwa bado na joto. Akaniuliza kwa sauti, mpaka kule kichuguuni nikasikia, “Mwalimu, umeandika? Asije akasema sikumjibu.”

Wewe ulinificha nami nilikuficha. Kifua chake kilianza kabla ya Pasaka. Ile safari ya saa nne haikuwa ya kupenda mawe. Septemba alianza kutema damu. Nilitaka kukuandikia akaniapisha mbele ya Mama, akasema, “Asije kumwona mgonjwa. Aje kwa ajili ya kazi.” Nikashika kiapo kama mjinga. Ningekivunja, ungepanda basi hata kwa aibu yako, najua. Hilo nitaishi nalo.

Bonge lile Wilibrodi na mhunzi wa Muze walilisafisha motoni wakafua jembe moja. Babu aliliona. Aliligonga kwa ukucha akalisikiliza, akasema lina sauti nzuri, apewe Zenon. Alifariki Jumamosi tarehe 25, alfajiri. Barua yako ilikuwa njiani. Nilipoipata nilikwenda kaburini nikamsomea hata hivyo, habari ya semina na habari ya birika. Safari hii sikugeuza neno.

Ilungu wamelibomoa wiki iliyopita. Sakafu ya zahanati ni nyekundu na ngumu, mwenyekiti anajivunia.

Jembe limo kwenye gunia hili, Anyosisye amekubali kulifikisha mwenyewe. Uliomba vitu vije kama vilivyo, bila maji na bila mafuta, basi sikuligusa. Udongo ulioganda juu yake si wa ilungu. Wilibrodi alilitumia Jumapili tarehe 26 kwa kazi moja tu. Tulipomaliza, sote tuliweka viganja juu ya lile rundo la udongo tukasali Baba Yetu, si haraka wala si polepole, na tukafika amina.

Dada yako,
Cornelia